Sikio Lililozoea na Sikio Lenye Haki

Mzee anayeamua shauri la mpaka wa kihamba hutakiwa asikilize pande zote mbili kabla ya kutamka neno. Lakini anayeamua juu ya muziki huachiwa aseme apendavyo, kana kwamba sikio halina wajibu wowote. Nia ya insha hii ni kuonyesha kwamba sikio nalo lina wajibu wake. Mtu anayepima rekodi mpya ya utungo wa zamani ameshika mikononi mwake haki ya watu: haki ya mtunzi aliyekufa, ya waimbaji walio hai, na ya wasikilizaji watakaoliamini neno lake.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Katika mji wa Moshi na kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ni vigumu kumpata mtu mzima asiyeujua wimbo wa Haleluya wa George Frideric Handel. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na katika miaka iliyofuata uimbaji wa sauti nne na upigaji wa matarumbeta ukaota mizizi mlimani. Leo kwaya zetu huuimba wimbo huo kwa Kiswahili, nyingi zikisoma noti za do-re-mi, nazo hurekodi: zamani kwenye kanda, siku hizi kwa vyombo vinavyoingia mfukoni. Kila rekodi mpya inapotoka, hukumu mbili husikika. Ya kwanza husema: "Hawajawafikia Wazungu." Ya pili husema: "Cha kwetu ni cha kwetu, hakuna kama hiki." Tuzichunguze moja moja.

Anayetoa hukumu ya kwanza hana budi kuulizwa: Wazungu gani? Handel, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Uingereza, alitunga Messiah, utungo mkubwa wenye Haleluya hiyo, mjini London mwaka 1741. Uliimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, na waimbaji wasiozidi 40. Yeye mwenyewe aliendelea kuubadilisha mwaka hadi mwaka, akizifaa sauti za waimbaji aliowapata. Mwaka 1784, miaka 25 baada ya kifo chake, uliimbwa na kupigwa London na watu zaidi ya 500. Mwaka 1789 Mozart aliuandika upya kwa lugha ya Kijerumani, akiongeza ala ambazo Handel hakuziweka. Mwaka 1857 waimbaji walifika kiasi cha 2,000. Katika rekodi ya mwaka 1959, Thomas Beecham alitumia matoazi na ala nyingi za kishindo. Christopher Hogwood naye, mwaka 1980, alirudia kundi dogo na ala za namna ya zama za Handel. Na mwaka 1992 Wamarekani weusi waliurekodi kwa midundo yao wenyewe, Quincy Jones akiiongoza Haleluya. Ni upi kati ya hiyo unaoitwa "wa Wazungu"?

Ukweli ni kwamba wengi wetu tunapotaja "asili" huwa tunataja rekodi tuliyoisikia kwanza. Hiyo iliingia nyumbani ikakalia kiti, na kila inayokuja baadaye huonekana imechelewa. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Taabu ya mazoea ya sikio ni kwamba hujivika joho la hakimu, na mwenye sikio hatambui kuwa anatetea kumbukumbu yake tu.

Je, basi kila uimbaji ni sawa na mwingine? La, hasha. Utungo una mifupa yake, na mifupa hiyo yaweza kuguswa na kila mwenye kusikiliza. Katika Haleluya sauti nne huanza pamoja; kisha hufika mahali ambapo besi hutangulia peke yake, tena ikaifuata, halafu alto, na soprano mwisho, kila mmoja akilichukua neno lile lile kutoka kwa mwenzake. Upo mahali ambapo sauti ya juu hupanda ngazi kwa ngazi huku wengine wakiitikia. Na kabla ya haleluya ya mwisho wote hunyamaza ghafla. Kimya hicho nacho kimetungwa. Kwaya ikiweka kinanda chenye ngoma ya kujiendesha, inayogonga bila kupumua hata katika kimya kile, imekosea. Kosa si kwamba ngoma ni ngeni kwa Handel. Kosa ni kwamba imefunika kile ambacho utungo ulitaka kisikike. Kwa kipimo hicho hicho, kwaya itakayoweka matarumbeta ya mlimani haitakuwa imezua jambo, kwa maana Handel mwenyewe aliandika tarumbeta katika wimbo huo.

Lugha nayo ina hukumu yake. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Noti yenye nguvu ikiangukia silabi nyingine, neno hutamkwa kama mgeni anavyolitamka, hata kama waimbaji wote wamezaliwa Kibosho. Sisi watunga mashairi tunaijua adhabu ya mizani iliyojazwa kwa nguvu. Kwaya iliyolitatua tatizo hilo imefanya kazi ambayo hakuna kwaya ya London iliyotakiwa kuifanya, na hakimu asiyeiona kazi hiyo amesikiliza nusu ya rekodi. Hatupimi Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere kwa kuuliza kama inalia Kiingereza. Tunauliza kama Shakespeare anaishi ndani ya Kiswahili.

Tugeukie hukumu ya pili, ile ya kusifu kwa sababu kitu ni chetu. Hukumu hii ina sura ya uzalendo, lakini ndani yake kuna dharau. Anayemwambia kijana kwamba ameimba vizuri, ilhali tena wake wameshuka chini ya noti, amekwisha kuamua moyoni kwamba kijana huyo hawezi zaidi. Desemba 1962, alipoanzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Mwalimu alitukumbusha mambo mawili kwa pamoja: kwamba tulikuwa tumefundishwa kuzionea aibu ngoma zetu, na kwamba taifa linalokataa kujifunza kutoka kwa mataifa mengine limepotoka. Anayeshika jambo moja na kuliacha la pili ataangukia ama kuiga au kujidanganya.

Wazee wa Kilimanjaro walichimba mifongo kuyaleta maji ya mlima mpaka mashambani. Waliochimba wamekufa zamani. Warithi wao hutoka pamoja kuondoa matope, kuziba palipobomoka, na pengine kuusogeza mfereji ukwepe jiwe lililoanguka. Hakuna anayewashtaki kwamba wameiacha kazi ya babu. Wangeuacha mfongo kama ulivyokuwa, kwa kuogopa kuugusa, migomba ingekauka. Wangeupasua ovyo, maji yangepotelea korongoni. Swali la haki juu yao ni moja tu: je, maji yamefika?

Ndugu mwalimu, siku utakapokalia meza ya kuamua mashindano ya kwaya, au wanafunzi wako watakapokuletea rekodi waliyoifanya wenyewe, sikiliza mara mbili. Mara ya kwanza lisikilize sikio lako, ulijue limezoea nini. Mara ya pili wasikilize wao. Kisha sema ukweli: mahali besi ilipoingia kwa uthabiti, mahali tena waliposhuka, mahali kimya kilipoharibiwa. Mwanafunzi aliyeonyeshwa kosa lake kwa jina aweza kulirekebisha kesho yake. Aliyeambiwa tu kwamba hafanani na wengine, au kwamba hana mfano, hakufundishwa kitu.