Mbwa Mpole na Mwenye Kumchunga



Mwezi huu twapenda kutafakari pamoja nanyi habari ya mnyama akaaye karibu na milango yetu, naye ni mbwa. Labda wako watakaouliza, Je, yafaa kunena habari za mbwa mahali palipowekwa kwa mafundisho ya kanisa? Twajibu kwamba yafaa. Kitabu cha Mithali, katika sura ya 12, chahesabu huruma kwa mnyama wa nyumbani kuwa alama mojawapo ya mtu mwenye haki. Tena Dr. Martin Luther mwenyewe alifuga mbwa nyumbani mwake huko Wittenberg, jina lake Tölpel. Wale waliokula mezani pake waliandika kwamba mbwa yule alikuwa akikodolea macho nyama iliyokuwa mkononi mwa bwana wake, asitazame upande mwingine wala kufikiri neno jingine. Naye Luther akatamani awe na moyo wa namna hiyo katika kuomba kwake. Basi ikiwa mwalimu wetu huyo alijifunza habari ya sala kwa mbwa, sisi nasi tusione haya kujifunza neno moja kwa mnyama yuyo huyo.

Neno tutakalolishika ni lile la Bwana katika Injili ya Yohana, sura ya 10, anapomtenga mchungaji mwema na mtu wa mshahara. Wote wawili humwona mbwa mwitu akija. Tofauti yao si katika macho, bali katika miguu: mmoja husimama, na mwingine hukimbia.

Kwanza, tulitazame jambo lenyewe. Wako mbwa ambao Muumba amewapa moyo wa upole. Mbwa wa namna hiyo hufuatana na bwana wake njiani, asubuhi aendapo shamba, au jioni atokapo kunyosha miguu. Amwonapo mwenziwe kwa mbali hufurahi. Hutikisa mkia na mwili wote, akamwendea mbio kama amwendeaye ndugu. Lakini mara nyingi hapokewi kama ndugu. Mmoja huja amekakamaa, akamwekea kichwa juu ya mabega. Wa pili humwuma mguu wa nyuma. Wa tatu, ambaye hakuwa na neno naye hata kidogo, huja kwa kuwa tu amewaona wenzake wakikimbia. Yule mpole hulala chali na kuonyesha tumbo lake, ndiyo kusema, Sina ugomvi nanyi, wao wasikome. Naye bwana wake, asimamaye kando na fimbo mkononi, hunena maneno tuliyoyasikia sote: Waache wajuane.

Pili, tuulize sababu, maana asiyejua chanzo cha ugonjwa hawezi kuuponya.

Mbwa hawana maneno, husemezana kwa mwili. Mwaka 1872 Charles Darwin, mtaalamu Mwingereza wa habari za viumbe, alitoa kitabu juu ya namna wanadamu na wanyama wanavyoonyesha mambo ya moyoni. Humo alieleza kwamba mbwa amwendeaye mgeni kwa nia ya ugomvi husimama wima, mkia juu, na manyoya ya shingo na mgongo yamemsimama. Bali akimtambua kuwa ni bwana wake, mara moja mwili hushuka na kujipinda, masikio yakalala nyuma na mkia ukatikisika. Tena mbwa wenye adabu hawajiani uso kwa uso. Huzunguka kidogo, hugeuza kichwa upande, hunusana, kisha huachana au hucheza. Basi yule mpole, kwa wingi wa furaha yake, huisahau adabu hiyo akaja moja kwa moja. Na mwenziwe huona ni matukano. Na akiwa amefungwa kamba, hali huwa mbaya zaidi, kwani kamba hukaza mbele, wala haimpi nafasi ya kuzunguka wala ya kukimbia.

Sababu nyingine ni malezi. John Paul Scott na John Fuller, waliochunguza mbwa miaka mingi huko Bar Harbor katika nchi ya Marekani, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1965 kwamba mtoto wa mbwa hujifunza kuishi na wengine hasa tangu kama juma la 3 la maisha yake hata juma la 12. Wahenga wetu walisema, Samaki mkunje angali mbichi. Lakini twafanyaje sisi? Wengi humchukua mtoto wa mbwa angali mdogo, wakamfungia bandani mchana kutwa ili awe mkali, asione watu wala mbwa wengine. Akitoka ndani, hajui lugha ya wenzake. Kila ajaye kwake ni adui, na upole wa mwingine kwake si kitu.

Na sababu ya mwisho ni kundi na mlango. Mbwa aliye peke yake, mbali na kwao, mara nyingi hupita kimya. Yuyo huyo akiwa langoni pa bwana wake, na wenzake wawili nyuma yake, hupata ushujaa usio wake.

Tatu, tuangalie matunda yake. Jino la mbwa huingia ndani sana, na tundu lake ni dogo. Ngozi hufunga juu upesi, na usaha hubaki chini. Mwenye mbwa huona kidonda kimepona, kumbe kinaoza. Ndivyo yalivyo na mambo ya moyo. Mbwa mpole aliyeumwa mara moja husahau labda. Aliyeumwa mara nyingi hubadilika. Kwanza hukataa kutoka nje. Kisha hutetemeka aonapo mbwa ye yote, hata aliye mwema. Mwisho huvumbua ya kwamba akibweka kwanza na kuonyesha meno, wengine hukaa mbali. Basi naye huanza kuuma kabla hajaumwa. Hapo watu husema, Mbwa huyu amekuwa mkali, hafai. Wala hakuna aulizaye, Ni nani aliyemfundisha, na ni nani aliyekuwa akitazama alipofundishwa?

Nne, wajibu wa mwenye mbwa. Neno lile, Waache wajuane, lina sura ya hekima, lakini si hekima. Ni kweli mbwa wawili wachezao wakibadilishana, mara huyu juu na mara yule, hawana haja ya mwamuzi. Lakini watatu wakimwandama mmoja, naye amejificha mkia tumboni, anatafuta mahali pa kukimbilia, hapo hawajuani. Hapo mmoja anaonewa. Mwenye kumchunga atangulie mbele yake, asimame kati. Akiwaona wale wengine kwa mbali, ageuke mapema ashike njia nyingine, wala asione ni aibu. Aendapo matembezi, na achague saa ambayo njia ni tulivu, na kumkutanisha mbwa wake na mmoja tu aliye mtulivu, kidogo kidogo, hata moyo wake urudi. Asimpige kwa kuwa ameogopa, maana fimbo haiondoi hofu, huiongeza. Wala asitie mkono kati ya vinywa vya mbwa wapiganao.

Na mtu akiumwa, asidharau. Aoshe jeraha kwa sabuni na maji yapitayo muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku iyo hiyo, kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukiisha kuonyesha dalili zake, karibu kila mtu hufa. Bali chanjo itolewayo mapema huuzuia, kama ilivyoonekana tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa na mbwa huko Ufaransa. Kwa hiyo mbwa wetu na wachanjwe, wapole na wakali.

Lakini hatuwezi kumwambia mwenye mbwa mpole peke yake. Na wewe ambaye mbwa wako ndiye auumaye wengine, sikia. Torati ya Musa, katika Kutoka sura ya 21, yanena habari ya ng'ombe mwenye desturi ya kupiga pembe. Ikiwa mwenyewe hakujua, hukumu yake ni nyepesi. Bali ikiwa ameonywa, asimfunge, hatia ni yake mwenyewe. Usiseme, Kwangu nyumbani ni mwema, hucheza na watoto. Wema wake wa nyumbani haumponyi apitaye njiani. Umeonywa, mfunge.

Tano, ndugu, Neno hili latugeuzia uso. Hatusemi ya kwamba mwanadamu ni mbwa, hasha! Twasema tu ya kwamba mambo yayo hayo hutendeka kati yetu, nasi tulio na nuru tuna hatia kuliko wanyama wasio nayo.

Yuko mtoto shuleni, mpole, asemaye kwa kigugumizi; wenzake humcheka kila siku, na mkubwa husema, Ni michezo ya watoto. Yuko mwanamke aliyeolewa kwetu kutoka mbali, asiyejua vema lugha ya mahali. Aingiapo kanisani kwa furaha na kusalimu kila mtu, hupokewa kwa kunong'onezana, kwa kuwa desturi zake si zetu. Yuko kijana mwanafunzi wa ubatizo aulizaye maswali mengi kwa moyo mweupe. Mmoja humdhihaki, wa pili hucheka, na wa tatu hucheka kwa kuwa wawili wamecheka. Wote hawa hawarudishi neno. Hutabasamu, huketi nyuma, na siku moja hawaji. Hapo sisi huandika katika kitabu cha usharika ya kwamba wamelegea. Au wakibaki, hujifunza kuuma; nasi husema, Tazama jinsi alivyokuwa na ulimi mkali, zamani alikuwa mpole kweli.

Tuikumbuke habari ya Lazaro katika Injili ya Luka, sura ya 16. Haikuandikwa kwamba yule tajiri alimpiga, wala kwamba alimtukana. Lazaro alilala mlangoni pake, naye aliishi ndani kwa anasa, imetosha. Waliomkaribia Lazaro katika habari ile ni mbwa, wakamlamba vidonda vyake. Basi yatupasa kuogopa. Mtu aweza kuhukumiwa kwa mambo ambayo hakuyatenda, kwa kuwa alikuwapo, aliona, na miguu yake haikusogea.

Wako wasemao, Mpole na ajitetee, ajifunze kuwa mgumu kama sisi. Lakini Bwana wetu hakuuita upole ugonjwa wa kuponywa. Aliwaita wapole heri, na kuwaahidia nchi. Mpole akiugeuza moyo wake kuwa jiwe kwa ajili ya kuonewa, si yeye peke yake aliyepoteza. Usharika mzima umepoteza mtu aliyekuwa akija mbio kutusalimu. Wahenga walinena, Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tulio wa Kristo hatuna ruhusa hata ya sehemu ile ya kwanza.

Basi mwalimu wa shule, mzee wa kanisa, baba na mama wa nyumba, twawasihi: msingoje kuitwa. Mpole hapigi kelele aonewapo. Ndiyo sababu ya kuonewa kwake. Simama kati mapema, kabla ya jeraha. Nena na yule mdhihaki peke yake, bila hasira. Mkaribishe mgeni kwanza katika nyumba moja yenye utulivu, ndipo katika kundi kubwa. Na kijana aliyecheka kwa kuwa wengine wamecheka, mwulize kwa upole, Amekukosa nini? Mara nyingi ataona haya, na haya hiyo ni mwanzo wa kutubu.

Usiku ule walipokuja watu wenye mienge na silaha bustanini, Bwana Yesu aliwatangulia wanafunzi wake. Alitoka nje, akauliza wanamtafuta nani, akajitaja, akawaamuru wawaache hao waende zao. Naye alikuwa mpole kuliko wote. Hapo twaona ya kwamba upole wake haukuwa woga: kwa ajili ya nafsi yake hakupigana, bali kwa ajili ya walio wake alisimama kati. Na sisi tu katika wale walioachwa waende zao.

Kwa hiyo, kila mmoja wetu apitapo njia ya shamba, au ya soko, au ya kanisa, akimwona mmoja amezungukwa na wengi, awe mnyama au awe mtu, asiulize kwanza, Ni wa nani? Na asimame. Bwana aliyesimama kwa ajili yetu atupe miguu isiyokimbia. Amina.