Mbegu Isiyopandwa Siku ya Kwanza



Katika vijiji vilivyo kandokando ya Likasi, msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka. Huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, hukoma mwezi wa Aprili. Basi mkulima asikiapo ngurumo ya kwanza, moyo wake humwambia: Panda! Naye hushusha mahindi yote ya mbegu yaliyotundikwa juu ya moshi wa jiko, akayafukia kwa siku mbili. Mvua ikikatika kwa majuma matatu, miche hunyauka, wala nyumbani hakuna mbegu nyingine.

Hapo ndipo jaribu huja. Watu huketi na kuulizana: Ni nani aliyeifunga mvua? Na mara nyingi jina litajwalo ni la mjane mzee asiye na mwana wa kumtetea. Mkatekumeni aliyemo barazani na ajue kwamba amesimama mbele ya amri ya nane. Kumsingizia mjane ni dhambi kubwa. Na kunyamaza wengine wanapomsingizia hakumfai mtu ajitayarishaye kwa Ubatizo.

Ukame wa mwaka 2024 haukuletwa na mzee wa kijiji chochote. Uliipata sehemu kubwa ya Zambia na nchi nyingine za kusini, hata tarehe 29 Februari Rais wa Zambia akautangaza kuwa janga la taifa. Maji ya bahari ya Pasifiki yalikuwa yamepata joto kupita kawaida, hali iitwayo El Niño, nayo huvuruga mvua katika nchi za mbali. Tena dunia yote inazidi kupata joto kwa sababu ya moshi wa viwanda na magari wa miaka mingi. Mahindi mengi yaliwayo Katanga hupitia Kasumbalesa kutoka Zambia. Basi njaa ya jirani ilionekana katika bei ya unga wa bukari. Je, mjane mmoja angeweza hayo yote?

Wengine husema: Mungu atatoa. Ni kweli. Lakini Yosefu, alipokwisha kumfasiria Farao ndoto yake, hakukaa akingoja. Miaka saba ya shibe aliweka akiba sehemu ya tano ya mavuno. Naye Mhubiri, katika sura ya 11, anamshauri mpanzi apande asubuhi na jioni pia, kwa kuwa hajui ipi itakayostawi. Busara ni mojawapo ya fadhila nne kuu, pamoja na haki, nguvu na kiasi; mwenye jembe aitumie shambani kama kanisani.

Kwa hiyo mbegu igawanywe mafungu matatu: moja kwa mvua ya kwanza iliyolowesha udongo hadi chini, la pili baada ya majuma mawili, la tatu libaki juu ya moshi. Kati ya mahindi yapandwe maharage na karanga, maana hurutubisha udongo. Mabua yasichomwe, yakilazwa juu ya ardhi huhifadhi unyevu. Mihogo nayo husubiri ardhini hata mwaka wa pili. (Ile michungu huzidi sumu wakati wa ukame, iloweke siku tatu kamili, wala njaa isikuharakishe, kwa maana watoto wamepooza miguu kwa haraka hiyo.) Na miti? Makaa yauzwayo mjini Likasi hulipa karo ya shule, hilo halifichiki. Lakini mlima uliokatwa wote hauzuii maji, na mvua kubwa huchukua udongo wa shamba lililo chini yake. Aliyekata na aache visiki vichipue, asivitie moto.

Na yule mjane aliyetajwa barazani ameona misimu mingi kuliko wote walioketi pale. Huenda anayo chunguni mbegu ya zamani ikomaayo upesi. Mwendeeni kabla ya Oktoba, mkamwulize.