Je, Wote Wamo Safarini?



Somo letu mwezi huu ni Injili ya Luka, sura ya 2, mstari wa 41 hata 52. Twawaomba mlisome nyumbani pamoja na watoto. Hapo twaona jamaa nzima ikirudi kwa miguu kutoka Yerusalemu baada ya sikukuu ya Pasaka. Yusufu na Mariamu walikwenda mwendo wa siku nzima bila kujua ya kuwa Mtoto hayupo. Hawakuwa wazazi wabaya, walimpenda sana. Kosa lao ni kwamba walidhani. Walidhani yuko na jamaa.

Somo hili tulilifundisha shuleni miaka mingi, na mitihani yake tukaisahihisha. Lakini maana yake ilitufikia mwaka jana mwezi wa Julai, wakati wa kiangazi huko Ulaya.

Wengi wenu mwajua kwamba sisi wazee wawili tulisafiri kwenda Uingereza kuonana na watoto wetu. Wametawanyika: wengine wako hapa Tanga, mkubwa yuko Kanada, na kitinda mimba anaishi kaskazini ya Uingereza. Kwa miaka 11 hatukupata kula meza moja. Tena, tuseme kweli, kulikuwa na neno. Mkubwa na mdogo wake walikuwa hawasemezani kwa miaka 4 kwa ajili ya fedha za kuezeka nyumba ya ukoo. Tuliwaandikia, tuliwasihi, haikufaa. Ndipo binti yetu akasema, "Baba na Mama, tukikaa ndani tutagombana. Afadhali tutembee."

Basi wakachagua njia iitwayo Njia ya Mtakatifu Cuthbert. Urefu wake ni karibu kilomita 100. Yaanzia Melrose, Uskoti, mahali Cuthbert alipoingia utawa mwaka 651. Yapita vilima na mashamba ya kondoo, na yaishia Lindisfarne, kisiwa alichokuwa askofu wake. Vijana waliitembea yote. Sisi wazee tuliwangoja katika mji mdogo wa Wooler, tukatembea nao siku mbili za mwisho. Tulikuwa watu 14.

Nchi ile ilihubiriwa Injili kwa miguu. Mtakatifu Aidan alifika Lindisfarne mwaka 635. Mfalme mmoja alimpa farasi mzuri, naye akampa maskini aliyekutana naye njiani, maana alipenda kwenda kwa miguu apate kusema na watu. Nasi tusijione wageni katika jambo hili. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Lindi mpaka Masasi kwa miguu, pamoja na watu waliookolewa katika utumwa. Kanisa letu pia limejengwa na watu waliotembea.

Siku ile ya kwanza vijana walitangulia kwa kasi, na sisi tukafuata polepole na fimbo zetu. Adhuhuri tulifika penye pango kubwa la mawe katikati ya misonobari. Watu wa huko husimulia kwamba mwili wa Cuthbert uliwekwa hapo. Maana mwaka 875 watawa wa Lindisfarne walikimbia kwa hofu ya Wadenmarki, nao hawakukubali kumwacha askofu wao, ingawa alikuwa amekufa karibu miaka 190 nyuma. Walilichukua jeneza lake huku na huku miaka mingi.

Tukaketi. Mkate ukakatwa, chai ikamiminwa. Kwa desturi yetu ya ualimu, tukaanza kuwafundisha wajukuu habari hiyo: jinsi watu wale walivyokataa kumwacha nyuma hata maiti. Tulipokuwa tukisema, binti yetu alikuwa akigawa vikombe. Kikombe kimoja kikabaki mkononi mwake.

Akauliza, "Hiki cha nani?"

Kilikuwa cha mjukuu wetu, mtoto wa kitinda mimba. Ana miaka 12, kama Bwana Yesu katika somo letu. Ni mtoto mkimya, na Kiswahili chake ni kidogo, basi tulizoea kumpapasa kichwa na kupita. Vijana walidhani yuko na babu na bibi. Sisi tulidhani yuko na vijana. Simu yake ilikuwa ndani ya mkoba wa binamu yake. Hakuna aliyeweza kusema alimwona mwisho saa ngapi.

Ndugu, sisi tulijifunza katika chuo cha ualimu kwamba somo halianzi kabla ya kuita majina. Kwa miaka 38 tuliita majina kila asubuhi. Siku ile hatukuita, kwa kuwa walikuwa wa nyumbani. Ni nani huwaitia daftari watu wa nyumbani mwake?

Baba yake aliondoka mbio. Kabla hajafika penye miti, kaka yake alikuwa nyuma yake. Hapakuwa na aliyemtuma. Sisi tulibaki pale pangoni, tumekishika kile kikombe mpaka kikapoa. Tuliomba, lakini hatukumbuki tulisema maneno gani.

Baada ya saa moja na nusu waliwaona wakirudi wale waliosimama njiani, wakatupigia kelele. Mtoto alikuwa mgongoni mwa baba yake mkubwa. Baba yake alichukua viatu. Lengelenge lilikuwa limepasuka kisiginoni, akaketi kwenye lango la shamba, chini ya kibao cha njia chenye alama ya msalaba, akangoja. Tulimwuliza kama aliogopa. Akajibu kwa Kiswahili chake kidogo, "Nilijua mtakuja. Sikujua mtaanza saa ngapi."

Neno hilo halijatutoka moyoni mpaka leo.

Siku ya pili tulivuka mchanga kwenda kisiwani, mwendo wa kilomita 5 hivi, miguu mitupu katika tope. Sisi watu wa pwani twajua kupwa na kujaa. Bahari ile hufunika njia mara mbili kila siku. Kuna miti mirefu iliyosimikwa kuonyesha njia, na vibanda juu ya nguzo kwa ajili ya waliokawia, maana maji hayamngoji mtu. Katika Hesabu 10:25 twasoma kwamba Israeli waliposafiri, kabila la Dani lilikwenda mwisho ili kulinda nyuma. Mwana wetu mkubwa akasema, "Mimi nitakuwa Dani." Akatembea nyuma ya wote, na mdogo wake akapunguza mwendo mpaka wakawa sambamba. Hatusemi kwamba deni limelipwa, halijalipwa. Lakini sasa wanapigiana simu.

Wakristo wenzetu, tuuangalie mtaa wetu. Yule mzee aliyeketi karibu na mlango, ambaye mguu ulimshinda tangu masika, yuko wapi? Padre adhani Umoja wa Mama wamemtembelea. Umoja wa Mama wadhani jirani zake wamekwenda. Jirani wadhani Padre amempelekea Ushirika Mtakatifu. Na binti yule aliyeacha kwaya alipojifungua? Na nyumba ile iliyokasirika kwa ajili ya michango? Hatukuwafukuza, wala hatuwachukii. Twadhani tu. Nasi twaendelea kuimba, na vikombe vyao vyapoa.

Angalieni tena Mariamu na Yusufu. Walipojua, hawakukaa kuulizana ni kosa la nani. Waligeuka, wakaurudia mwendo ule wote wa siku moja kwa miguu iliyochoka, wakatafuta mpaka siku ya tatu. Toba yao ilikuwa kurudi.

Basi kabla ya Jumapili ijayo kila nyumba ifanye jambo moja. Baada ya chakula cha jioni, iteni majina: ya nyumbani kwanza, kisha ya wale mliokuwa mkiketi nao kanisani. Jina moja likikosa wa kuliitikia, msiulize ni kazi ya nani. Inukeni, mwende. Naye aliyewakosea aweza kuwa ndiye atakayekimbia pamoja nanyi.

Ee Bwana, uliyetafutwa na wazazi wako kwa huzuni, nawe ukaja kututafuta sisi tuliopotea: utufundishe kuhesabiana, na kugeuka nyuma kabla maji hayajajaa. Amina.