Neno Litolewalo kwa Mateso

Je, mtu akimtaja mwenzake akiwa katika mateso, amekuwa msaliti? Huko Nyeri swali hili lilifika mara mbili. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa mwaka 1952, wafungwa wa kambini walilazimishwa kukiri kiapo cha Mau Mau. Kisha, mwaka 1986, Kenya ikiwa nchi ya chama kimoja, serikali iliwasaka watu wa Mwakenya, kikundi cha siri cha mrengo wa kushoto. Wanyiri Kihoro, wakili aliyekuja kuwa mbunge wa Nyeri Mjini, alizuiliwa siku 74 chini ya jumba la Nyayo, Nairobi. Humo watu walipigwa, na vyumba vikajazwa maji. Wengi walipofikishwa mahakamani, bila wakili, walikiri.

Mimi siwezi kumwita msaliti mtu ambaye hiari yake imekwisha kuvunjwa. Lakini, msomaji, yuko na yule aliyetajwa, ambaye naye alitiwa katika maji yale yale. Je, nimkataze uchungu wake? Miaka ikipita, wawili hao wakikutana sokoni Karatina, ni nani aanze kutoa salamu?