Lulu Huharibikia Chini ya Mti

Wanangu, kila anayenijia hapa Juba kutaka shauri la biashara ya mafuta ya lulu huanza na mashine. Ya Wachina au ya Wahindi? Inakamua kilo ngapi kwa saa? Inataka jenereta kubwa kiasi gani? Sikatai, mashine ina kazi yake. Ila zamu yake ikifika, ubora wa mafuta umekwisha kuamuliwa huko Magwi au Mvolo, na mama aliyeinama kuokota matunda.

Punje ya lulu, hii ambayo wengine huiita shea, ni mbegu hai. Tunda likidondoka wakati wa mvua na kuachwa kwenye tope, mbegu haikawii kuota. Ikishaanza, vimeng'enya vyake huyavunjavunja mafuta ili mche upate chakula. Kwa mche ni neema, kwenu ni hasara, maana mafuta yaliyovunjika ndiyo asidi anayoipima mnunuzi. Ikizidi, mafuta huchacha upesi na kunuka. Viwanda vikubwa huyasafisha kwa kemikali na joto kali, lakini mkifika huko mtakuwa mnauza mafuta ya kawaida, na kwa bei ya mafuta ya kawaida hamuwawezi Ghana na Burkina Faso wanaosafirisha kwa meli.

Watazameni wakulima wadogo wa zeituni, Italia au Tunisia. Mafuta yao ya daraja la kwanza hayaruhusiwi kuzidi asidi ya 0.8 kwa mia. Hawafiki hapo kwa ujanja wa mtambo. Hufika kwa kuvuna matunda mazima, kuyakamua mapema kabla hayajalala na kuvunda, na kutopitisha joto la nyuzi 27 wakati wa kukamua. Mwenye miti michache anaweza kumshinda tajiri, kwa sababu yeye matunda yake anayaona kila siku.

Nawatajia zeituni kwa makusudi. Lulu yetu ya ukanda wa Nile si ile ya Afrika Magharibi. Zaidi ya nusu ya mafuta yake ni asidi ya oleiki, ileile inayotawala katika zeituni, ndiyo sababu ni laini na mchana wa Machi huyeyukia dukani kwenye kopo. Wapo wauzaji wanaoona haya wakachanganya mafuta mengine ili yagande. Msifanye. Ulaini huo ndio watengenezaji wa vipodozi wanaoulipia.

Tofauti ni kwamba zeituni hukamuliwa ikiwa mbichi, na lulu lazima ikauke. Hapo ndipo wengi hupotea. Kokwa zichemshwe mapema baada ya kuokotwa ili zisiote, kisha zianikwe juani juu ya chanja, si chini, wala si juu ya jiko. Punje iliyokaushwa kwa moshi itawapa mafuta yenye moshi, mchuje mtakavyo. Unyevu ushuke hadi kama asilimia 7. Kama hamna kipimo, vunjeni punje: iliyokauka hukatika kwa mlio, mbichi hupinda. Yenye ukungu itupwe bila huruma, kwa sababu ya sumukuvu.

Sasa, nani atamfanyisha mama kazi yote hiyo? Mchuuzi hununua kwa gunia, zuri na baya bei moja. Kwa nini basi ajisumbue kuchagua? Mimi ningekuwa na fedha zenu, nisingeagiza mashine mwaka wa kwanza. Ningenunua sufuria kubwa na maturubai, nikaweka bei mbili zinazotofautiana kweli, na nikamlipa mama palepale mbele ya wenzake, wakaona. Ya kukamulia ningekodi. Kijiji kimoja kinatosha kuanzia, tena kilicho karibu na barabara inayopitika mvua ikinyesha, maana gunia lililokwama wiki nzima njiani huloa na kuota ukungu.

Bei hiyo ina kazi nyingine. Mji huu unapika kwa makaa, na miti ya lulu ni miongoni mwa inayokatwa kuchoma hayo makaa. Mti wa lulu huchukua miaka kama 15 hadi 20 kabla ya kuzaa vizuri, kwa hiyo hakuna kijana atakayepanda leo akakamua kesho. Tunaishi kwa miti iliyojiotea. Tangu 1998 mti huu umeorodheshwa duniani kuwa hatarini. Uganda mwaka 2023 ilipiga marufuku biashara ya makaa katika mikoa yake ya kaskazini, na amri ni nzuri, lakini mchoma makaa hufika na fedha mkononi. Mama naye awe na fedha za kumjibu.

Mkishakamua, angalieni vyombo. Dumu lililobeba dizeli halioshwi likawa la mafuta ya kula, hata anayewauzia pale sokoni Konyo Konyo akiapa. Tumieni vyombo vipya, vijazwe hadi juu, vifunikwe, vikae penye giza na ubaridi. Kila kopo liandikwe kijiji na mwezi wa mavuno, ili mteja wa Nairobi akilalamika mjue ni mzigo gani, na mjue kwa nani mrudi kuuliza kokwa zilichemshwa lini.