Mita Moja ya Ujazo ni Mitungi Hamsini

Nanighi, kando ya Mto Tana, maji yana lugha mbili. Hapa ndipo pampu za dizeli zilipovuta maji kwa miaka mingi kuyapeleka mashamba ya umwagiliaji ya Bura, na wahandisi huyapima kwa mita za ujazo kwa sekunde. Mama anayeteka mtoni huhesabu mitungi ya lita 20. Daraja kati ya lugha hizo hujengwa darasani, mtoto anapopewa michemraba midogo aipange kwenye sanduku na kuihesabu. Naliona somo hilo kuwa la uraia sawa na lilivyo la hesabu.

Mtoto hupanga michemraba minne kwa urefu, mitatu kwa upana; tabaka la chini hukamilika kwa 12. Akiongeza la pili, inakuwa 24. Kanuni ameiona kwa macho kabla ya kuisikia: urefu mara upana mara kimo ni njia ya mkato ya kuhesabu matabaka. Aliyeikariri tu hupata 24 ileile, lakini ukimuuliza ni 24 za nini, atakodoa macho.

Watasema huko ni kupoteza wakati, maana hakuna atakayehesabu michemraba ya bwawa zima la maji, yaani silanga. Ni kweli, na wala mtoto hahitaji kufanya hivyo. Silanga ya mita 50 kwa 40, kina mita 2, ina mita za ujazo 4,000. Kila moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50. Jumla mitungi 200,000. Wengine watasema kingo za silanga zimeinama, mchemraba haukai pale. Hapo ndipo aliyezoea kuhesabu humshinda aliyekariri: anajua pembeni mna michemraba isiyoenea, kwa hiyo 4,000 ni kikomo cha juu, na maji yenyewe ni pungufu. Anajua pia kwamba tope likilala nusu mita, limekula tabaka la mita za ujazo 1,000, robo nzima ya hesabu ile, hata kama karatasi bado inasema 4,000. Na kwa anayelalamikia uhaba wa vifaa, udongo wa mfinyanzi hukatwa michemraba, na mche wa sabuni vilevile.

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe ni kipimo cha ujazo. Vinne hufanya pishi. Waliotuachia methali hiyo walijua kikubwa hueleweka kupitia kidogo kinachokijaza. Basi siku mtakapotajiwa mita za ujazo barazani, msipige makofi kwanza. Ulizeni ni mitungi mingapi, na tope limekula matabaka mangapi.