Wakfu wa Fountains

Mali iliyokwisha kutolewa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, je, yaweza kurejea kuwa milki ya mwanadamu kwa hati ya mfalme? Swali hilo hunijia kila niitafakaripo abasia ya Fountains, ambayo magofu yake yangali yamesimama katika bonde la mto Skell, huko Yorkshire, Uingereza, mahali ambapo watawa 13, walioitoka monasteri yao ya mjini York mwaka 1132 kwa kutoridhika na ulegevu wa ibada, walipewa na Askofu Mkuu Thurstan ardhi ya mwitu isiyotamaniwa na mtu.

Ufukara walioutafuta ndio uliowavutia utajiri. Kwani waumini, walipoiona zuhudi yao, waliwaachia mashamba na malisho ili waombewe wakishakufa, hata makundi ya kondoo yakaenea milimani, na sufu yao ikanunuliwa na matajiri wa Italia. Siwahesabu kuwa wanafiki: kuamka usiku wa manane kusali katika baridi ile si kazi ya mnafiki.

Mwaka 1539, katika enzi ya Henry VIII, abate na watawa wake walitia sahihi hati ya kuisalimisha abasia, na mwaka uliofuata mfalme akamwuzia Sir Richard Gresham, mfanyabiashara wa London. Watetezi wa mfalme husema kwamba wenyewe waliridhia. Lakini mtawalii wa shamba la minazi lililowekwa wakfu kwa mafuta ya taa za msikiti hana haki ya kuliuza, hata akiridhia kwa moyo wake wote, kwa kuwa si lake. Na watawa wale walikuwa watawalii tu. Waliotoa walikuwa makaburini, wala hawakuulizwa.

Baadaye mawe ya abasia yalijengea jumba la kifahari, na mwaka 1767 William Aislabie akayanunua magofu yawe pambo la bustani yake. Leo yanatunzwa vizuri, na tangu mwaka 1986 yamo katika orodha ya urithi wa dunia, nami nawashukuru wanaoyatunza. Hata hivyo, waliotoa ardhi hawakuomba kutunziwa mawe: waliomba dua, na deni hilo, kwa itikadi yangu, humfuata kila aishikaye ardhi ile. Hati za abasia zimehifadhiwa, na majina ya wengi wa waliotoa yamo. Yangeweza kusomwa kwa sauti, pale pale, walau mara moja kwa mwaka.